Kiharusi kwa mjamzito: Uhai ukishaokolewa, kazi ya kupona ndiyo huanza

Tangu kutolewa kwa matokeo ya Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, takwimu moja imetajwa mara nyingi katika taarifa za Sekta ya Afya nchini. Vifo vitokanavyo na uzazi vilipungua kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000, kama vilivyokadiriwa katika utafiti wa mwaka 2015/16, hadi 104. Katika kipindi hicho wanawake wanaojifungulia katika vituo vya kutolea huduma za afya waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81. Mafanikio hayo yalitambuliwa kimataifa mwezi Februari, 2025, pale Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, alipokabidhiwa Tuzo ya Gates Goalkeepers jijini Dar es Salaam.

Hata hivyo, takwimu ya vifo inahesabu waliofariki. Haimhesabu mama aliyetoka hospitali akiwa hai ilhali mkono wake wa kulia hauinuki, ulimi umekuwa mzito na mtoto wake mchanga anabebwa na bibi au shangazi kwa sababu mwenyewe hawezi kumshika. Kadiri vifo vinavyopungua, ndivyo swali la pili linavyopata uzito: wale wanaonusurika wanarudi nyumbani wakiwa katika hali gani, na nani anawafuatilia baada ya hapo?

Kiharusi wakati wa ujauzito ni kipimo kigumu cha swali hilo. Ni tukio linalokutanisha maeneo mawili ya huduma ambayo kwa muda mrefu yamepangwa na kuripotiwa kila moja kwa njia yake, yaani afya ya uzazi kwa upande mmoja na magonjwa yasiyoambukiza kwa upande mwingine. Mgonjwa huyu anamhitaji mkunga na daktari bingwa wa ubongo kwa wakati mmoja. Anahitaji wodi ya wazazi na anahitaji mazoezi tiba. Pale ambapo maeneo hayo mawili yanashirikiana, uwezekano wa kupona huwa mkubwa. Yasiposhirikiana, mgonjwa huangukia katikati.

Ukubwa wa tatizo

Kiharusi hutokea pale damu inaposhindwa kufika katika sehemu ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umezibwa na bonge la damu, ama kwa sababu mshipa umepasuka na damu kuvuja ndani ya kichwa. Kwa wajawazito na waliojifungua hivi karibuni tukio hili si la kila siku. Uchambuzi wa kimataifa wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria wagonjwa takriban 30 kwa kila ujauzito 100,000. Pamoja na uchache huo, kiharusi ni miongoni mwa matukio yanayoacha ulemavu mkubwa zaidi kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Ikumbukwe pia kuwa Tanzania si nchi ambayo kiharusi ni ugonjwa wa kubahatisha. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 katika Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na katika Jiji la Dar es Salaam ulionesha, baada ya kusawazisha tofauti za umri, zaidi ya wagonjwa wapya 100 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika Hai na zaidi ya 300 jijini Dar es Salaam. Kiwango hicho cha mjini kilikuwa miongoni mwa vilivyokuwa vya juu duniani wakati huo, na watafiti walihusisha hali hiyo na shinikizo la juu la damu lisilotibiwa. Mwanamke anayeingia katika ujauzito akiwa na shinikizo ambalo halijawahi kupimwa anaingia akiwa tayari amebeba sehemu ya hatari hiyo.

Wakati wenye hatari zaidi ni unaozunguka kujifungua: wiki za mwisho za ujauzito, siku ya uchungu na wiki sita za kwanza baada ya hapo. Tafiti zimeonesha kuwa hatari, ingawa hupungua, huendelea kuwa juu ya kawaida hadi karibu wiki ya 12 baada ya kujifungua. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya viharusi hivi humkuta mama akiwa amekwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani, katika kipindi ambacho macho ya familia na ya watoa huduma yamehamia kwa mtoto.

Chanzo kinachoweza kuonekana mapema

Visababishi ni vingi. Wapo wanaopata kiharusi kutokana na ugonjwa wa valvu za moyo ulioanza utotoni, wapo wenye selimundu, na wapo waliozaliwa na hitilafu katika mishipa ya damu ya ubongo. Ujauzito wenyewe huifanya damu igande kwa urahisi zaidi, jambo ambalo ni kinga ya asili dhidi ya kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, lakini kwa baadhi ya wanawake husababisha bonge la damu katika mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye ubongo. Upungufu wa maji mwilini, maambukizi na kulala kitandani muda mrefu baada ya upasuaji huongeza uwezekano huo.

Kisababishi kinachostahili kupewa kipaumbele, kwa kuwa kinaweza kugunduliwa kwa kifaa kilichopo hata katika zahanati, ni shinikizo la juu la damu pamoja na kifafa cha mimba. Shinikizo la 140/90 au zaidi kwa mjamzito si la kawaida na linahitaji kufuatiliwa. Likifika 160/110 ni dharura. Miongozo ya kitaalamu inataka dawa ya kulishusha itolewe ndani ya dakika 30 hadi 60 baada ya kuthibitishwa, kwa sababu katika kiwango hicho mishipa midogo ya ubongo inaweza kupasuka kabla ya dalili nyingine yoyote kuonekana.

Vipimo viwili hutosha kuibua shaka: kipimo cha shinikizo na kipimo cha protini katika mkojo. Vyote viwili huchukua dakika chache na vimo katika orodha ya huduma za kila hudhurio la kliniki. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kuwa mjamzito ahudhurie angalau mara nane, na mengi ya mahudhurio hayo yamewekwa katika miezi mitatu ya mwisho kwa sababu ndipo shinikizo hupanda. Mama anayehudhuria mara mbili za mwanzo na kupata kadi, kisha akasubiri uchungu, anakosa sehemu ya huduma iliyolengwa kumkinga na janga hili.

Kinga nayo ipo. Kwa wanawake walio katika hatari kubwa, wakiwemo waliowahi kupata kifafa cha mimba, Shirika la Afya Duniani linapendekeza aspirini ya kiwango kidogo cha miligramu 75 kwa siku, ianzwe kabla ya wiki ya 20, kwa maelekezo ya mtaalamu. Kwa mgonjwa ambaye tayari ana dalili kali, dawa ya magnesiamu salfeti imethibitika. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33, ulionesha kuwa dawa hiyo hupunguza hatari ya degedege la kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana inashauriwa dozi ya kwanza itolewe katika kituo cha ngazi ya chini kabla mgonjwa hajapandishwa kwenye gari la rufaa.

Saa za kwanza

Mshipa wa ubongo ukiziba, chembe hai za ubongo karibu milioni 2 hupotea kila dakika. Dalili zake ni za ghafla: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea, maneno kukwama au kutoeleweka, macho kupoteza nuru, ama kichwa kuuma kwa namna ambayo mgonjwa hajawahi kuisikia. Kwa mjamzito dalili hizi huchanganywa kwa urahisi na uchovu wa kawaida. Maumivu ya kichwa husemwa ni ya mimba. Kulegea husemwa ni upungufu wa damu. Katika baadhi ya jamii mgonjwa husemwa amepigwa na upepo au ana jini, akapelekwa kwanza kwa mganga. Kila saa inayopotea katika mashauri hayo hupunguza sehemu ya ubongo ambayo bado ingeweza kuokolewa.

Kwa upande wa usafiri, mfumo wa M-Mama umebadilisha hali kwa kiasi kikubwa. Mfumo huo, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 baada ya majaribio katika Kanda ya Ziwa, unawezesha mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga kupata usafiri wa dharura kwa kupiga simu bila malipo kupitia namba 115. Mratibu hupokea taarifa, hupima uzito wa dharura na kutuma gari la wagonjwa, na pale lisipokuwepo karibu hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa njia ya simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Ni muhimu wananchi wafahamu kuwa huduma hii haimalizikii siku ya kujifungua. Mama wa wiki ya tatu baada ya kujifungua, aliyeamka akiwa na mkono uliolegea, naye anastahili kupigiwa namba hiyo.

Akifika hospitali, hatua inayotenganisha aina moja ya kiharusi na nyingine ni picha ya kichwa. Bila picha hiyo daktari hawezi kujua kama ubongo unakosa damu au unavujiwa na damu, na tiba ya aina moja inaweza kuwa hatari kwa aina nyingine. Hapa ndipo uwekezaji wa Serikali katika mashine za CT Scan kwenye hospitali za rufaa za mikoa, ikiwemo sehemu ya shilingi trilioni 1.3 za Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, unapoonekana kwa faida ambayo pengine haikutajwa sana. Mjamzito wa mkoani ambaye zamani angehitaji kusafirishwa hadi Dar es Salaam, Mwanza au Moshi ili apigwe picha, sasa anaweza kupigwa picha hiyo karibu zaidi na anapoishi.

Hofu ya mionzi imewahi kuwachelewesha wagonjwa na hata baadhi ya watoa huduma. Ukweli wa kitaalamu ni kwamba picha ya kichwa huelekeza mionzi kichwani, na kiasi kinachomfikia mtoto tumboni ni kidogo mno. Kumnyima mama kipimo hicho kwa nia ya kumlinda mtoto huwaweka wote wawili hatarini. Kanuni inayokubalika katika tiba ya kiharusi kwa wajawazito ni kwamba ulinzi wa kwanza wa mtoto ni kumtibu mama yake.

Siku za wodini

Baada ya dharura hufuata kipindi ambacho umma hukisikia kwa nadra, yaani siku na wiki za kulazwa. Chukulia mjamzito wa wiki ya 30 aliyepatwa na kiharusi na hali yake ikatulia. Mambo ya kwanza yanayoamua kama atapona vizuri ni ya kawaida kabisa, na mengi yako mikononi mwa wauguzi.

La kwanza ni kumeza. Wagonjwa wengi wa kiharusi hupoteza kwa muda uwezo wa kumeza salama, na uji unaopita njia ya hewa husababisha homa ya mapafu. Kwa sababu hiyo mgonjwa hapaswi kupewa chakula, maji wala dawa kwa mdomo kabla hajapimwa uwezo wa kumeza. Ndugu anayeingia wodini na chupa ya uji kwa upendo anapaswa kuelezwa jambo hili mapema na kwa lugha ya heshima, maana kwake kumlisha mgonjwa ndiyo namna ya kumuuguza. Anayeshindwa kumeza hulishwa kwa mpira unaopitishwa puani, na mjamzito huhitaji chakula hicho zaidi kwa kuwa anakula kwa ajili ya watu wawili.

La pili ni namna ya kulala. Baada ya wiki ya 20 mfuko wa uzazi ukishakua hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo pale mama anapolala chali. Mjamzito aliyepooza hawezi kujigeuza mwenyewe. Hulazwa kwa ubavu, hasa wa kushoto, na kugeuzwa mara kwa mara ili asipate vidonda vya mgandamizo. La tatu ni kuzuia bonge la damu miguuni, hatari ambayo ujauzito na kutotembea huiongeza kwa pamoja. Pale inapohitajika dawa ya kuzuia damu kuganda, heparini hupendelewa kwa kuwa haivuki kondo la nyuma kumfikia mtoto.

La nne ni mazoezi tiba. Ubongo una uwezo wa kujipanga upya, na uwezo huo hutumika vizuri zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, ingawa maendeleo huweza kuendelea baada ya hapo. Mtaalamu wa fiziotherapia humsaidia mgonjwa kukaa, kusimama na kutembea akizingatia kuwa tumbo limebadilisha uwiano wa mwili wake. Mtaalamu wa usemi humrudishia maneno. Mwingine humfundisha upya kazi za kila siku: kuvaa, kuoga, kufunga kanga kwa mkono mmoja na, kwa mama huyu, kumbeba na kumnyonyesha mtoto bila kumwangusha. Ujauzito si sababu ya kuahirisha mazoezi hayo hadi baada ya kujifungua.

La tano halionekani kwa macho. Karibu mtu mmoja kati ya watatu walionusurika kiharusi hupata sonona. Kwa mwanamke ambaye pia yuko katika kipindi cha kujifungua, ambacho chenyewe huweza kuleta sonona, hatari hizo mbili hukutana. Mama anayekaa kimya, asiyetaka kula wala kumtazama mtoto wake, haoneshi ukaidi wala kukosa shukrani. Anahitaji tiba, na tiba hiyo ipo.

Mtoto na njia ya kujifungua

Swali ambalo familia nyingi huuliza ni kama mtoto lazima atolewe mara moja. Jibu hutegemea sababu ya kiharusi na umri wa mimba. Pale chanzo kinapokuwa kifafa cha mimba, ujauzito ndio unaoendeleza ugonjwa, na kuzalisha huwa sehemu ya tiba baada ya hali ya mama kudhibitiwa. Pale chanzo kinapokuwa kingine na mimba ikiwa changa, mara nyingi huwezekana kuilea mimba huku mama akitibiwa.

Vilevile, kiharusi chenyewe si amri ya upasuaji. Wapo wanaojifungua kwa njia ya kawaida wakisaidiwa kupunguza maumivu na muda wa kusukuma. Uamuzi huo hufanywa na jopo: daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, mtaalamu wa usingizi na daktari wa watoto wachanga. Jopo la aina hii lipo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili kwa kushirikiana na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambayo ndiyo yenye dhamana ya upasuaji wa ubongo, na hospitali za kanda zinaendelea kujenga uwezo wa namna hiyo. Changamoto ya mkoani kwa sasa ni kuwapata wataalamu hao wote katika jengo moja usiku wa manane. Hapo mawasiliano ya mapema kati ya hospitali ya mkoa na ya kanda huwa na thamani sawa na ya dawa.

Anaporuhusiwa kurudi nyumbani

Fomu ya ruhusa inaposainiwa, mgonjwa hutoka katika uangalizi wa saa 24 na kuingia katika uangalizi wa familia. Hapa ndipo pengo lililo kubwa zaidi lilipo. Huduma za utengamao, ambazo zinahitajika kwa miezi, kwa sehemu kubwa zinapatikana katika hospitali za rufaa. Mama anayeishi kilomita nyingi kutoka makao makuu ya mkoa, mwenye mtoto mchanga na mguu usiomtii, akiandikiwa kurudi kwa mazoezi mara mbili kwa wiki, ataweza kufanya hivyo kwa wiki ngapi? Nauli ya pikipiki pekee inaweza kulimaliza zoezi hilo kabla misuli haijaanza kuitikia.

Tatizo hili si la Tanzania pekee. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani wa mwaka 2023 ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama kuingiza huduma za utengamao katika mifumo yao ya afya, hadi ngazi ya msingi. Kwa Tanzania, mlango wa kutekeleza wito huo upo. Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, uliozinduliwa mwaka 2024, umekusudia kuwafikia wahudumu 137,294, wawili kwa kila mtaa au kitongoji. Wahudumu hao hawatachukua nafasi ya mtaalamu wa fiziotherapia. Wanaweza, hata hivyo, kumpima mama shinikizo, kuangalia kama anafanya mazoezi aliyofundishwa, kutambua dalili za sonona na kutoa taarifa mapema pale hali inapogeuka. Kazi hiyo itafanikiwa ikiwa muhtasari wa matibabu wa mgonjwa utafika katika zahanati ya kijijini kwake, badala ya kubaki katika mfuko wa plastiki chini ya godoro.

Ufuatiliaji baada ya kujifungua nao unahitaji mkazo. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2022, linapendekeza mama abaki kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua na aonwe tena angalau mara tatu: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Katika jamii nyingi mama hukaa ndani hadi arobaini yake itimie. Desturi hiyo ina hekima ya kumpumzisha, na inaweza kwenda sambamba na kupimwa shinikizo iwapo mhudumu atamfuata mama nyumbani au familia itamsindikiza kituoni.

Uzazi wa mpango ni sehemu nyingine isiyopaswa kusahaulika. Mwanamke aliyewahi kupata kiharusi hapaswi kutumia vidonge vyenye homoni ya estrojeni, kwa kuwa huongeza uwezekano wa damu kuganda. Kitanzi kisicho na homoni ni miongoni mwa njia salama kwake. Ushauri huo unatakiwa kutolewa kabla hajatoka wodini, mumewe akiwepo kama mwenyewe ataridhia, maana mimba inayofuata inahitaji kupangwa pamoja na daktari. Aidha, mwanamke aliyewahi kupata kifafa cha mimba ana hatari takriban mara mbili ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi katika maisha yake ya baadaye. Kupima shinikizo kila mwaka ni jambo la maisha yake yote.

Gharama, ajira na haki

Kwa mujibu wa Sera ya Afya ya mwaka 2007, huduma za uzazi katika vituo vya umma hutolewa bila malipo kwa wajawazito. Kiharusi, hata hivyo, huendelea kugharimu baada ya mimba kumalizika: dawa za shinikizo, vipimo na mazoezi tiba ya miezi. Kwa familia ya kipato cha chini, gharama hizi ndizo zinazoamua kama matibabu yataendelea. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, inayomtaka kila mkazi kuwa na bima ya afya, inagusa moja kwa moja kundi hili. Kipimo kimoja cha mafanikio yake kitakuwa ni kwa kiasi gani kitita cha mafao kitamwezesha mgonjwa kufanya mazoezi tiba kwa muda unaotosha.

Kwa mwanamke aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa ulinzi ambao wengi hawaufahamu kwa ukamilifu. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Likizo ya ugonjwa ni haki nyingine, nayo hufikia siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, ambapo siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu mshahara, kwa uthibitisho wa daktari. Sheria hiyo pia inakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito au ulemavu. Mwajiri anayemwambia mfanyakazi aliyepooza kuwa likizo yake imekwisha kwa vile siku 84 zimetimia anakuwa ameunganisha haki mbili ambazo sheria imezitenganisha.

Wanawake wengi zaidi wanalima au wanafanya biashara ndogo, na kwao hakuna likizo ya kuombwa. Kwa hao, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba, ikiwemo asilimia 4 kwa wanawake na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu, inaweza kuwa njia ya kusimama tena. Maafisa maendeleo ya jamii wana nafasi ya kuwatambua akina mama hawa mapema, kwani mtu aliyepata ulemavu jana mara nyingi bado hajijui kuwa yumo katika kundi linalotajwa na sheria.

Wajibu wa kila mmoja

Malengo ya Maendeleo Endelevu yanazitaka nchi kushusha vifo vitokanavyo na uzazi chini ya 70 kwa kila vizazi hai 100,000 ifikapo mwaka 2030. Kutoka 104 hadi huko, sehemu ya safari itapitia katika shinikizo la damu, ambalo husababisha vifo na ulemavu kwa njia moja. Hivyo, juhudi zitakazozuia kiharusi kwa mjamzito zitashusha takwimu ya vifo, na wakati huohuo zitapunguza idadi ya akina mama wanaorudi nyumbani wakiwa hawawezi kubeba watoto wao.

Kwa wananchi, mambo ya kufanya hayahitaji fedha nyingi. Mjamzito ahudhurie kliniki hadi wiki za mwisho, na kila anapopimwa shinikizo aulize namba yake na ihakikishwe imeandikwa kwenye kadi. Kichwa kuuma kusikokoma, macho kuona maluweluwe, maumivu ya chembe ya moyo na kuvimba uso kwa ghafla ni dalili za kwenda kituoni siku hiyohiyo. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, namba ya kupiga ni 115, na saa dalili zilipoanza iandikwe, kwa sababu daktari ataiuliza kabla ya kuamua tiba. Mama aliyejifungua apimwe shinikizo hadi arobaini yake ipite, hata kama mtoto ana afya njema na nyumba imejaa wageni wa pongezi.

Kwa mwenza na ndugu wa mama aliyenusurika, kazi ni ya miezi. Kumgeuza kitandani, kumsubiri amalize neno lililokwama, kumshikia mtoto kifuani anyonye na kumsindikiza kwenye mazoezi wiki ya kumi kama alivyosindikizwa wiki ya kwanza ni sehemu ya tiba kama zilivyo dawa alizoandikiwa na daktari.